Rubani Aliyeondolewa Kifo

Mama yake alirekodi maneno kumi na mawili tu, basi. Kwa hiyo rubani wa mchezo alipotamka la kumi na tatu, binti aliyeutengeneza mchezo huo aliiacha chai yake ipoe mezani.

Ulikuwa mchezo wa vita vya anga wa mtindo wa zamani, nyota ni nukta nyeupe na maadui wanashuka kwa mistari, ila rubani alipanda cheo kila akishinda na kupata ujuzi mpya. Sauti yake ilikuwa ya mama, mshonaji, ambaye alirekodi huku akijizuia kucheka: "Adui mbele." "Ngao bado nzima." Ili kuujaribu, binti aliondoa kifo, rubani apigwe asife, na mchezo ujicheze wenyewe kutwa. Akasahau kukirudisha. Wiki tatu, jamani.

Neno la kumi na tatu lilikuwa "uzi". Mchana huohuo mama, yuko kwenye cherehani, aliomba aletewe kile, kile cha kushonea. Binti akamtania kwamba uzee umebisha hodi. Kesho yake rubani alipanda cheo, akasema "mkasi", na mama akalikosa neno hilo pia. Utani ukamkauka binti. Chumba cha kompyuta kikaanza kunuka nywele zilizoungua, rubani akawa ananong'ona hata spika zikichomolewa, na siku alipomwita binti "Kifaranga", jina la nyumbani alilopewa na mama angali ananyonya, binti alikimbilia chumba cha pili akamkuta mama amemkodolea macho, midomo inalitafuta jina na hailipati, machozi yanamtiririka.

Shangazi, mzoefu wa kutoa majini, alifika saa sita mchana. Alisikiliza yote, akaguna.

"Umejenga nyumba isiyo na kifo ukaiacha wazi," alisema kwa sauti ya chini. "Ulidhani atahamia nani?"

"Nikiizima kompyuta?"

"Ataondoka na maneno ya mama yako. Mrudishie kifo, kisha umuue vitani; akifa humo atayaachia."

Binti akakirudisha, akakaa upande wa maadui. Kila risasi iliyompata rubani ilijibiwa na sauti ya mama ikimsihi, Kifaranga naumia, Kifaranga mimi ndiye niliyekuzaa, na ile harufu ikazidi, na bado akafyatua, analia na kufyatua, mpaka chombo kikapasuka na kioo kikawa cheusi.

Kisha, kutoka chumba cha pili: "Kifaranga, niletee uzi."

Alimkumbatia mama akalia kwa furaha. Shangazi alifungua madirisha, akaaga. Cherehani ikaanza tena kutatarika.

Binti alipogeuka, sindano ilikuwa inazama na kuibuka kwenye kidole cha mama, na mama anashona tu, anatabasamu. Hakukuwa na tone la damu.

"Mama," alinong'ona, "kidole chako."

Mama alikitazama.

"Ngao bado nzima," alisema.