Aliyekuja Kupimwa Alhamisi

Nianze kwa kusema sijatia chumvi. Wengine wakisimulia mambo kama haya husema yalimpata rafiki wa rafiki. Haya yalimpata shemeji yangu, mume wa dada yangu wa tumbo moja, na mimi nilikuwepo, nimekaa hatua tatu kutoka pale, kichwa nimekiinamisha kama mjinga.

Mjomba wangu ni fundi wa magita. Karakana yake ni chumba kimoja kirefu nyuma ya duka la vioo, kina madirisha mawili, meza yake chini ya dirisha moja na meza yangu chini ya jingine. Kazi yangu ni koili. Gita la umeme husikia nyuzi zake kwa sumaku zilizozungushiwa waya wa shaba, mwembamba kuliko unywele, mizunguko elfu saba. Nazungusha kwa mota ya cherehani kuukuu, waya unapita katikati ya vidole vyangu, nami nahesabu kwa mdomo. Ukiinua macho tu waya unakatika, unaanza moja. Ndiyo maana watu huingia na kutoka mle ndani nami nawajua kwa viatu. Mjomba naye akishavaa miwani yake ya kazi haoni kitu zaidi ya kilicho mezani, na ukimwita anakasirika.

Shemeji alikuwa mpiga solo wa bendi moja ya hotelini. Miezi kumi na moja kabla ya siku ninazozisimulia, gari la vyombo lilipinduka wakitoka kupiga harusini. Ndani walikuwa wawili, yeye na mpiga ridhimu, lile gita la kusindikiza solo, jamaa tuliyemwita Mrefu kwa sababu ya vidole vyake. Mrefu alifia palepale. Shemeji alitoka hai, ila kwenye mkono wa kushoto kidole cha pete na cha mwisho vilikatwa, ikabaki pingili moja moja. Akasema Mrefu ndiye aliyekuwa anaendesha, tena amelewa. Bendi nzima ikamlaani marehemu. Mazishini hawakwenda. Mke wa Mrefu alisemwa mpaka akahama mtaa.

Kiongozi wa bendi alimvumilia shemeji hadi akachoka. Mwishowe akamwambia wazi: mwisho wa mwezi upige solo, au nafasi yako nampa mwingine. Shemeji hakujua kazi nyingine yoyote duniani. Alikuja karakana, akauweka ule mkono juu ya meza.

"Mjomba, nitengenezee shingo ambayo mkono huu utaiweza," alisema. "La sivyo mimi nimekwisha."

Mjomba ana namna yake ya kupima. Anachonga shingo ya gita nene kuliko inavyotakiwa, halafu mteja anajipaka chaki ya bluu kiganjani na vidoleni, ile ya maseremala. Mteja anaishika shingo, anakaza, anatelezesha mkono juu na chini kana kwamba anapiga. Rangi inapobaki nyingi, pale ndipo mkono unapogoma. Mjomba anainakili ile alama kwenye karatasi, anakwangua mti, wanapima tena. Jumatatu walipima mara ya kwanza.

"Shingo hii itakujua wewe tu," Mjomba alimwambia. "Mwingine akiishika ataona kama kavaa shati la kuazima."

"Basi itakuwa imemshinda mke wangu," shemeji akasema. "Yeye mpaka leo anasema hanijui."

"Anakujua sana," nikamjibu bila kuinua kichwa. "Ndiyo maana analalamika."

Tukacheka wote watatu. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia shemeji anacheka tangu ajali, na nikafurahi kwa ajili ya dada. Akaambiwa arudi Alhamisi, saa nane mchana.

Alhamisi jua lilikuwa kali, na duka la vioo mbele lilikuwa na wateja wengi. Nilikuwa nimefika mzunguko wa elfu nne na mia mbili mlango uliposukumwa. Miguu ikapita pembeni yangu kwenda kwenye meza ya Mjomba. Mguu wa kulia ulikuwa na kiatu cheusi, kina vumbi. Wa kushoto ulikuwa na soksi tupu ya kijivu, imetoboka kisiginoni. Nikasema moyoni, huyu shemeji leo kaamkia upande gani, ngoja nimalize nimsute.

"Umewahi," Mjomba alisema. "Jipake chaki."

Nikasikia mfuniko wa kopo la chaki ukifunguliwa.

"Shika. Kaza kidogo. Sasa telezesha."

Kiganja kikapita juu ya mti. Taratibu. Kwenda na kurudi.

"Kinauma?"

Hakujibiwa. Mjomba akaguna, akasema leo umekuwa bubu. Kiganja kikaendelea. Kwenda na kurudi. Sijui kilikwenda muda gani, maana hapo ndipo nilipogundua kwamba midomo yangu inasema elfu nne na mia tano, elfu nne na mia tano, namba ileile, na mota inazunguka tu. Waya ukakatika. Nilipoinua macho Mjomba alikuwa peke yake, anainakili alama kwenye karatasi, na mlango sikuusikia ukifunguliwa.

"Mkono wake umefunguka," akaniambia bila kunitazama. "Sasa unafika mbali."

Akakwangua shingo ile alasiri nzima kwa kuifuata alama. Jioni ilikuwa nyembamba, imelainika, nzuri kuliko shingo zote alizowahi kuchonga. Aliniita niishike. Sikuweza kuizungushia vidole vizuri na sikupenda ubaridi wake, nikairudisha mezani.

Ijumaa asubuhi shemeji akaingia na dada yangu, mkono umefungwa bendeji mpya.

"Nisamehe, Mjomba, jana sikuja," alisema. "Kidonda kilifumuka. Tumeshinda hospitali tangu asubuhi mpaka jua linazama."

"Hata kula hatukula," dada akaongeza.

Mjomba akavua miwani. Sijawahi kumwona akivua miwani katikati ya kazi.

"Si neno," alisema. "Nendeni mkapumzike. Gita mtalikuta Jumatano."

Walipotoka akatandika karatasi mbili mezani. Ya Jumatatu ilikuwa na gumba, vidole viwili, na madoa mawili mafupi. Ya Alhamisi, aliyoinakili doa kwa doa bila kuhesabu, ilikuwa na vidole vyote. Vinne na gumba. Virefu, hata ncha zake zilikuwa zimeizunguka shingo na kutokea upande wa pili.

"Ulimwona?" akaninong'oneza.

"Niliona miguu."

"Ikoje?"

"Mmoja una kiatu. Mwingine soksi."

Mjomba akakaa kwenye kigoda. Alikuwa miongoni mwa watu wachache sana waliokwenda kumzika Mrefu. Akaniambia, kwa sauti ambayo ilibidi nimkaribie ili niisikie, kwamba maiti walikabidhiwa ikiwa na kiatu kimoja, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekivua. Kingine hakikupatikana.

Nikamwambia tuichome shingo ile, tuanze nyingine. Akatikisa kichwa. Mti uliokauka sawasawa alikuwa amebakiwa na huo tu, na hadi mwisho wa mwezi zilibaki siku kumi. Mti ukishakwanguliwa haurudi.

"Tusipompa gita anafukuzwa," alisema. "Usimwambie."

Sikumwambia.

Jumatano shemeji alilichukua gita, Alhamisi bendi ikafanya mazoezi kwenye ukumbi wa hoteli, saa tisa mchana. Mimi na dada tulikaa viti vya nyuma. Dada alinishika mkono, kiganja chake kimelowa. Shemeji akaishika shingo, akafumba macho, akaanza.

Alipiga bila kukosea. Vile vipande viwili vya vidole vilikuwa vikicheza juu hewani, mbali na nyuzi, na nyuzi zilikuwa zinabonyea chini yake. Niliziona zikibonyea. Dada alianza kulia kwa furaha, maana yeye alikuwa anamtazama mumewe usoni.

Kiongozi wa bendi akanyoosha mkono, muziki ukakatika.

"Piga solo," alisema.

"Si ndiyo napiga?"

"Unapiga ridhimu."

Shemeji akatazama mkono wake. Mpiga ngoma, mtu mzima na wajukuu zake, alikuwa ameweka fimbo chini na kujifuta macho. Akasema mpigo ule anaujua, ameufuata miaka tisa, na kwamba kuna mtu mmoja tu aliyekuwa na mpigo ule. Jina hakulitaja. Wakarudia mara tatu. Mara zote tatu shemeji aliapa anapiga solo, anaisikia kwa masikio yake, na sisi sote tulisikia ridhimu ya Mrefu.

Siku ya tatu baada ya hapo dada alinipigia simu mchana. Alikuwa ananong'ona.

"Njoo na Mjomba. Mje na bisibisi."

Tulimkuta shemeji amekaa kitandani na gita mapajani. Hakuwa amelichomeka kwenye umeme. Mkono wa kushoto ulikuwa umeikamata shingo na hauachii. Tangu jana asubuhi, dada alisema. Amekula na gita, amelala nalo. Amejaribu kuukunjua mkono kidole kimoja kimoja, ameshindwa.

"Unauma?" Mjomba akamuuliza.

"Siusikii kabisa," shemeji akasema. Macho yalikuwa yamemtumbukia. "Nausikia mpaka hapa tu." Akaonyesha kifundo cha mkono.

Shingo za Mjomba hushikwa na skrubu nne kwa nyuma. Akafungua ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Bisibisi ilikuwa inamponyoka kwa jasho. Ya nne ilipotoka nyuzi zikalegea, kiwiliwili cha gita kikaanguka kitandani, na mkono ukabaki na shingo. Ukaanza kutembea juu yake. Kwenda na kurudi. Taratibu.

Hapo ndipo nilipomwambia. Nilimwambia yote, nikilia: ile Alhamisi, karatasi mbili, soksi. Nikamwomba msamaha. Shemeji hakukasirika. Alinisikiliza huku anautazama mkono ule, halafu akamgeukia dada.

"Ni mimi niliyekuwa naendesha," alisema.

Dada akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Yeye alikuwa amelala. Kavua kiatu kimoja, kaweka mguu juu. Mimi ndiye niliyekuwa nimelewa."

Mkono ukafunguka. Shingo ikadondoka sakafuni, ikabingirika hadi kwenye mguu wa Mjomba. Mjomba akaichukua na kitambaa, na siku ileile tukaichoma kwenye pipa nyuma ya duka la vioo. Iliungua kama mti mwingine wowote.

Mkono haukurudi. Daktari aliuchoma sindano, akaupiga picha, akasema mishipa iko salama, labda ni mshtuko. Kazi ya bendi iliisha mwisho wa mwezi kama alivyoahidiwa, na sasa yuko nyumbani, mkono umelala pajani kama mzigo wa mtu mwingine. Ukweli aliueleza polisi na aliueleza kwa bendi nzima. Kesi bado inaendelea. Dada alikaa wiki mbili bila kumsemesha, kisha akamwambia limebaki jambo moja, na yeye mwenyewe akaenda kumtafuta mke wa Mrefu.

Mama yule alikuja Jumapili baada ya chakula cha mchana. Mwembamba, mpole, kavaa vizuri. Nilikuwepo. Shemeji alimwambia kila kitu, na hakujitetea. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia.

Akahama kiti, akakaa upande wa kushoto. Akauchukua ule mkono, akauweka kati ya mikono yake miwili, akainama na kuunong'oneza maneno ambayo hatukuyasikia. Nilikuwa natazama. Mkono ukamfinya.

"Umefanya hivyo wewe?" nikamuuliza shemeji.

Akatikisa kichwa.

Mama alikaa nao mchana wote. Baadaye akaomba kikata kucha, akatandika karatasi magotini, akawa anakata polepole, kidole baada ya kidole, na alipofika kule mwisho nikageuza uso dirishani kwa sababu sikutaka kuona anakata nini. Alipomaliza aliuaga ule mkono, akamuaga dada, akaondoka. Shemeji hakuagwa.

Dada akaichukua ile karatasi kwenda kuitupa, akasimama nayo mlangoni. Akaniita. Mkono ule una kucha tatu: ya gumba, na za vidole viwili vilivyobaki. Kwenye karatasi vilikuwemo vipande vitano. Tulivihesabu pamoja, tukavigeuza kwa ncha ya kalamu, tukavihesabu tena.

Jumapili iliyofuata dada aliamka mapema, akafagia chumba, akaweka kiti kimoja upande wa kushoto wa mumewe. Kisha akaja kukaa nami jikoni, tukasubiri.