Harusi Tunayoilipia

Alasiri ya mwezi wa Ramadhani, Makadara hapapitiki. Meza za futari zilikuwa zimeshika njia pande zote mbili, viazi karai vikichuruzika mafuta, tuktuk zikipiga honi na hakuna aliyezipisha. Katikati ya msongamano huo Khubaib, karani wa ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini, alinyosha mkono kuchukua mkate wa sinia wa mwisho uliobaki mezani. Mkono mwingine ukatokea upande wa pili, ndani ya buibui lililotariziwa nyuzi za fedha, ukaushika mkate uleule.

"Samahani, kaka, huu ni wangu," alisema msichana. "Nimeuagiza tangu adhuhuri."

"Umeagiza wewe, na mimi nimelipa sasa hivi. Nani mwenyewe?"

Mama muuzaji aliwatizama wote wawili, akaona haya. "Nyote mumelipa. Kichwa changu na hii saumu, wanangu, nisameheni. Gawanyeni."

"Kwetu tuko watatu," alisema msichana.

"Na mimi niko peke yangu. Haya, uchukue. Lakini mimi nitafuturu nini?"

"Tende na maji. Ni sunna."

Khubaib alicheka. Alikuwa kijana mrefu, shati lake jeupe limepigwa pasi likasimama, na alipocheka macho yake yalikaribia kufumba. "Basi angalau niambie jina la huyo aliyeninyima futari."

"Fairuz. Nauza katika duka la dawa pale kona. Tumbo likikuuma kwa njaa, njoo."

Kesho yake alikwenda, akasema tumbo lamuuma. Kesho kutwa akasema kichwa. Idi ilipofika, Fairuz alikuwa ameihifadhi nambari yake kwa jina la Mgonjwa, na simu zao za alasiri zilikuwa zikianza vilevile kila siku.

"Leo waumwa wapi?"

"Leo ni moyo. Dawa yake munayo?"

"Imekwisha. Mpaka tuagize kwa mamangu."

Huyo mama, Bi Mwanakuu wa Kuze, alikuwa mjane aliyelea binti wawili kwa cherehani. Kwa miaka mingi alikuwa amekaa viti vya nyuma katika harusi za watu. Khubaib alipoleta posa, Bi Mwanakuu aliikubali kwa furaha, kisha akasema neno moja ambalo kijana yule hakulisahau: "Sitaki mwanangu atoke kimya kimya, kama aliyefukuzwa."

Basi hakutoka kimya kimya. Ukumbi ulikodiwa, jukwaa likapambwa maua meupe hadi darini, biriani ikapikwa kwa mapipa. Fairuz alikaa juu ya jukwaa hilo kwa gauni la rangi ya dhahabu, mikono yake imejaa hina hadi viwikoni, na mamake akakaa mbele kabisa. Wanawake wa Mji wa Kale waliizungumza harusi ile muda mrefu. Kila Bi Mwanakuu alipotaja kitu, Khubaib alijibu, "Inshallah, mama," na kitu kikapatikana. Hakuna aliyemuuliza kilikotoka.

Walipanga nyumba nzuri Ganjoni. Mwaka haukwisha, Khubaib akaanza kuzima simu akiingia nyumbani. Alikonda. Fairuz akimuuliza, alisema ni kazi. Jumapili moja jioni alimchukua wakaenda Mama Ngina, wakaketi ukutani mbele ya bahari, watu wakipita na mihogo yao ya kukaanga na watoto wao, na hapo ndipo alipomwambia.

"Fairuz, ile harusi yetu. Zile pesa hazikuwa zangu."

"Zilikuwa za nani?"

"Za benki. Nyingine za chama cha akiba cha kazini. Na zilipopunguka, za mikopo ya simu, huku na huku. Nimekuwa nikikopa hapa nilipe pale. Sasa hapakopeki tena."

Fairuz aliishika mihogo yake mkononi bila kula. "Za riba?"

"Za riba."

Hakulia wala hakumtukana. Alisikia baridi tu, ingawa ulikuwa msimu wa joto. Usiku wote wa harusi ulimpitia kichwani, kila taa na kila ua. Mwishowe aliuliza, "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungenikubali?"

"Ningekukubali."

"Na mamako?"

Fairuz aliiweka ile mihogo ukutani.

Afisa wa benki aliyewashughulikia aliitwa Kadenge, mtu wa Kaloleni, mwenye sauti ya upole na maneno machache. Alizungumza na wadai wote, akayakusanya madeni yakawa deni moja. Wadai walikubali kusimamisha riba, na Khubaib akakubali sehemu kubwa ya mshahara wake ikatwe kila mwezi kabla haujamfikia mkononi, kwa miaka minne. Palikuwa na sharti moja zito. "Katika nyumba yenu asikope mtu," alisema Kadenge. "Likionekana deni jipya, wadai wana haki ya kuuvunja mpango, na riba yote inarudi."

Walihama Ganjoni wakaenda kuishi Kibokoni, vyumba viwili vya juu katika nyumba ya shangazi yake Khubaib. Makochi yaliuzwa. Khubaib alikwenda kazini kwa miguu na kurudi kwa miguu. Mshahara mdogo wa Fairuz ndio uliowalisha. Shida hiyo waliizoea kuliko walivyodhani. Mchana Khubaib alimpigia simu kutoka ofisini.

"Bi mkubwa, leo twala nini?"

"Mbaazi."

"Na jana?"

"Jana zilikuwa mbaazi pia. Lakini za leo zimelala, zina utamu zaidi."

Kilichowashinda ni watu. Walikuwa wameapiana wasimwambie yeyote, kwa sababu kusema kungekuwa kumwambia Bi Mwanakuu kwamba amemfilisi mkwewe. Kwa hivyo mchango wa maziko ulipokuja, walitoa kidogo wakasingizia. Harusi za binamu walizikwepa kwa homa. Kuhama kwao wakasema shangazi ni mzee, ahitaji watu karibu. Bi Mwanakuu akaanza kulalamika kwa jirani kwamba Fairuz ameolewa akawa mchoyo, na maneno hayo yakamfika Fairuz mwenyewe pale dukani, akihesabu vidonge vya mteja.

Mwaka wa pili wa mpango ulipoanza, mdogo wake Fairuz, Swabaha, akaposwa na kijana aitwaye Zaki, mwenye duka dogo la kutengeneza simu. Bi Mwanakuu alipiga simu.

"Kitambaa cha sare kimechaguliwa. Chatoka Dubai. Nimekuwekea chako."

"Mama, si nivae lile gauni langu la—"

"Dada ya biharusi avae nguo nyingine? Watu watasema nini, Fairuz? Tuma pesa leo, mwenye duka yuwangoja."

Fairuz alikaa kitandani na simu yake. Kukopa kulikuwa rahisi mno: alibonyeza mara chache, pesa zikaingia, akazituma kwa mamake, akashusha pumzi. Alijiambia atalipa taratibu kutoka mshahara wake kabla hajajua mtu. Lakini mwezi huo umeme ulipanda, shangazi akaugua, na siku ya kulipa ikapita.

Aliyepigiwa simu na wenye mkopo, walioitoa nambari yake katika simu ya Fairuz, ni Khubaib. Alipigiwa ofisini, mbele ya wenzake, na mtu asiyemjua akamwita mwizi, mume wa mwizi. Alirudi nyumbani mapema. Fairuz alikuwa akikunja nguo, na alipoiona sura yake alijua.

"Tulikubaliana," alisema Khubaib.

"Najua."

"Mpango wote waweza kuvunjika. Yote tuliyojinyima, Fairuz. Kwa sababu gani?"

"Nilitaka kuvaa sare ya dadangu. Siku moja, nisitizamwe."

"Ungeniambia."

"Wewe uliniambia?"

Khubaib aliketi. Alikuwa amechoka, na uchovu ulimtoa neno ambalo akiwa mzima asingelisema. "Mimi nilikopa ili nikupate. Wewe umekopa kwa kitambaa."

Fairuz aliliweka chini shati alilokuwa akilikunja. Lilikuwa lake Khubaib. "Basi ulininunua ghali," alisema. "Pole sana." Akavaa buibui lake, akashuka ngazi.

Kwao Kuze alisema amekuja kusaidia matayarisho. Jioni simu yake ililia.

"Umekula?" aliuliza Khubaib.

"Nimekula. Na wewe?"

"Mbaazi."

Fairuz aliisikia ile nyumba yao nyuma ya sauti ya mumewe, feni ikigonga.

"Urudi, Fairuz."

"Nirudi nifanye nini? Nisipotoa, watu wanisema. Nikitoa, navunja nyumba. Sijui hata niketi vipi na watu wangu." Akakata simu taratibu.

Siku ya tatu Zaki alikuja kumwamkia mama mkwe. Alimbusu mkono, akaketi ukingoni mwa kiti, kanzu yake mpya bado ina mikunjo ya dukani. Bi Mwanakuu akaanza: ukumbi uwe uleule wa Fairuz, jukwaa lisipungue lile, na magari ya kumfuata biharusi yawe ya aina moja.

"Inshallah, mama," alisema Zaki. Na tena, "Inshallah." Alikuwa akitabasamu, na vidole vyake vilikuwa vikiisokota kofia magotini.

Fairuz alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya sharubati. Aliitizama ile kofia ikisokotwa, akatua sinia.

"Zaki, hizo pesa unazo?"

"Fairuz," alisema mamake. "Adabu."

"Namuuliza kwa heshima. Unazo, ndugu yangu, au utakopa?"

Zaki aliinamisha kichwa. "Nitatafuta, dada. Kuna watu wameniahidi kunikopesha."

"Khubaib pia aliahidiwa." Fairuz akamgeukia mamake. "Mama, harusi yangu bado twailipia. Ndiyo maana tulitoka Ganjoni. Ndiyo maana sikutoa mchango wa maziko ya ami. Hata hii sare nimeikopea, na kwa ajili yake nimegombana na mume wangu. Mwaka wa pili huu, na bado miaka."

Zaki alitizama chini kama aliyefumaniwa. Swabaha, aliyekuwa nyuma ya pazia, alitoka bila kujali kuonekana.

"Sote tulidhani munajidai, dada," alisema, na machozi yakamtoka. "Nilikusema mimi mwenyewe."

Bi Mwanakuu aliinuka. "Wanifedhehesha mbele ya mkwe," alisema, akaingia ndani, akafunga mlango.

Hakutoka mpaka baada ya sala ya alasiri. Alimkuta Fairuz sebuleni akiwa peke yake, akaketi mbali naye.

"Mbona hakuniambia, huyo mumeo?"

"Angekwambia hana, mama, ungemwacha anioe?"

"Sijui," alisema Bi Mwanakuu. Na baadaye, kwa sauti ndogo: "Pesa zenyewe, za riba?"

"Za riba."

Yule mama alifunika uso kwa ncha ya leso. Alikuwa amekaa kiti cha mbele usiku ule, na sasa alikijua kilicholipia kiti hicho. Hakuomba msamaha, hakuwa mtu wa kuomba msamaha kwa wanawe, na kwa siku mbili hakumsemesha Fairuz ila kwa salamu. Lakini alimwita Zaki akamwambia nikaha itakuwa msikitini na chakula kitapikwa nyumbani, na atakayeuliza ukumbi aje amuulize yeye. Habari za sare nazo zikaisha.

Fairuz alikirudisha kitambaa dukani. Mwenye duka alikikata bei, akamrudishia kiasi, na kiasi hicho chote alikilipa kwenye ule mkopo wa simu. Hakikutosha. Alipotoka dukani alimpigia Khubaib.

"Uko wapi?"

"Kazini."

"Omba ruhusa. Tukutane kwa Bwana Kadenge."

"Kufanya nini? Mimi hata njia ile naiepuka siku hizi."

"Tukamwambie wenyewe, kabla hajaambiwa."

Walikutana mbele ya benki, Barabara ya Nkrumah. Hawakushikana mikono. Khubaib alikuwa amevaa shati ambalo halikupigwa pasi, na Fairuz aliliona. Walipokwisha kueleza, Kadenge alivua miwani akaisugua muda mrefu.

"Masharti ni masharti," alisema. "Lakini mumekuja wenyewe, na sehemu mumeshalipa. Nitawaombea kwa wadai. Wakikubali, wataongeza muda, karibu mwaka. Mutaweza?"

"Tutaweza," alisema Khubaib.

"Kuna jambo lingine," alisema Fairuz. "Mpango huu una jina lake peke yake. Nataka na langu litiwe."

Kadenge alimtizama. "Dada, fahamu unaloomba. Mukiachana kesho, deni litakufuata uendako. Sheria haikulazimishi."

"Nafahamu."

"Fairuz, usifanye hivyo," alisema Khubaib. "Nilikopa mimi. Hukuwa na habari."

"Biharusi nilikuwa mimi. Nililikalia lile jukwaa, nikapigwa picha, nikafurahi." Alimgeukia, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya ugomvi alimtizama machoni. "Sitaki kuambiwa tena kwamba kuna deni lako na kitambaa changu. Bwana Kadenge, nitie sahihi wapi?"

Alionyeshwa, akatia. Khubaib aliinama, akajishika paji la uso, na Kadenge, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alijifanya anatafuta kitu kwenye saraka ya meza.

Nje jua lilikuwa kali. Walisimama kwenye kivuli chembamba cha ukuta, watu wakiwapita.

"Nilikuwa nije Kuze leo jioni," alisema Khubaib. "Nikuombe urudi. Nilikuwa nimeyapanga na maneno."

"Yaseme."

"Yamenipotea. La kwanza, lile neno nililokwambia halikuwa haki. Hilo nalikumbuka. La pili, nilitaka kukuposa upya. Bila ukumbi, bila magari, bila uwongo. Uniangalie nilivyo, kisha useme ndiyo au la."

Fairuz aliinyosha ile kola yake iliyokunjamana kwa vidole viwili.

"Nimeshatia sahihi, Khubaib," alisema. "Twende nyumbani."

Wakashika njia ya Kibokoni kwa miguu.