Antena Kwanza, Umeme Baadaye

Kila Jumatano baada ya vipindi, Wegesa alifagia chumba cha Klabu ya Redio, akafuta vumbi mezani, kisha akamsubiri Clever alete betri ya gari kutoka kwa fundi wa kuchaji pale Iringo, Musoma. Ndivyo walivyogawana kazi tangu darasa la tano. Hata walipogombana, kazi haikulala.

Mwaka huo walikuwa na jambo moja tu kichwani: kuongea na wanafunzi wa Guta, kule Bunda. Redio yao ya mawasiliano ya VHF ilikuwa na nguvu ndogo, na sauti ilififia kabla ya kufika. Walihitaji amplifaya, kifaa cha kuongeza nguvu ya redio ili mawimbi yake yaende mbali. Wegesa alitaka wanunue ile kubwa ya kutisha waliyoiona kwenye simu ya mwalimu.

"Betri yetu haiiwezi hiyo," Clever alipinga. "Tuunde ndogo. Transista moja, bati nene la kupooza joto, na antena nzuri juu. Mtu haendagi dukani na mkokoteni kununua kiberiti!"

Mwalimu Euphrasia, mwenye leseni ya redio na ulimi mkali, alicheka sana, akakubaliana naye. Basi wakaunda. Clever alilehemu, Wegesa alipima, na kila mmoja alimsifia mwenzake.

Chumba kile kilikuwa na sheria. Kabla ya kuwasha, lazima ushike waya wa antena nyuma ya amplifaya, useme kwa sauti, "Antena ipo!" Bila antena, nguvu hukosa pa kutokea, ikarudi ndani na kuunguza transista, kile kipande kinachokuza nguvu. Na hapo Musoma antena ilichomolewa mara kwa mara, maana wingu likipanda kutoka ziwani, radi haibishi hodi.

Siku moja kabla ya majaribio, wingu lilipanda, Mwalimu akachomoa antena. Mvua ilipokatika, Wegesa aliingia na rafiki yake Happyness ili amringie kidogo.

"Ona mshale wa kipimo cha nguvu unavyoruka!" alisema, akawasha, akabonyeza kitufe cha kipaza sauti. Hakushika waya wowote wala hakusema neno la sheria. Mshale uliruka kweli, kisha ukaanguka. Harufu ya kuungua ikajaa chumba.

"Mungu wangu! Umefanya nini?" Happyness aliuliza.

"Nyamaza! Hujaona kitu."

Kesho yake amplifaya haikuamka. Mwalimu aliifungua, akaiona transista imeungua.

"Nani alilehemu hapa mara ya mwisho?"

"Mimi, Mwalimu," Clever alijibu.

"Nimekuambia mara ngapi usiwe na haraka?"

"Lakini tulipima, ikawa nzima. Wegesa, si tulipima wote? Sema basi!"

Wegesa aliangalia sakafu aliyoifagia mwenyewe.

"Sikumbuki," alisema.

Sikumbuki! Lo, neno jepesi hilo, na baya kuliko tusi. Clever alimtazama, asiamini masikio yake. Siku hiyohiyo alitolewa katika klabu. Mama yake mkubwa, Naomi, aliyekuwa akimlea hapo mjini, aliposikia kwamba ameharibu mali ya shule, hakuuliza mara mbili.

"Sikukuleta Musoma uniaibishe," alimwambia. Kabla wiki haijaisha, Clever alikuwa amerudishwa kwa baba yake Guta, na shule akahamishiwa hukohuko.

Jumatano iliyofuata Wegesa alifagia, akafuta meza, akasubiri. Betri ilikuwa imelala pembeni, haina chaji, na hakuna aliyeipeleka kwa fundi. Ndipo alipomfuata Mwalimu ofisini, akaeleza yote huku akilia.

"Wewe umeongopa," Mwalimu Euphrasia alisema. "Na mimi nimemhukumu mtoto wa watu bila kumsikiliza. Twende kwa mama yake mkubwa. Utasema mwenyewe."

Wegesa alisema mwenyewe. Mama Naomi alijishika kichwa, akampigia simu baba yake Clever amrudishe mtoto. Baba alikataa katakata. "Mwanangu si mpira wa kurushwa huku na huku," alisema, akakata simu.

Transista mpya ilipofungwa, klabu ilikusanyika. Wegesa alishika waya. "Antena ipo!" akasema. Mwalimu aliita Guta, na mwalimu wa kule, Nathanieli, akajibu kana kwamba yuko chumba cha pili. Watoto wakapiga kelele za furaha. Kisha ikaja sauti nyingine.

"Shikamoo, Mwalimu. Ni Clever. Nakupata vizuri sana. Ova," ilisema, ikimalizia kwa neno la kumpa mwenzako zamu ya kusema.

"Marahaba, mwanangu. Nilikukosea, na ninakuomba radhi mbele ya wenzako wote. Ova."

"Yameisha, Mwalimu. Ova."

Wegesa alipewa kipaza sauti. "Clever, ni mimi. Niliiunguza mimi, nikakuongopea. Nisamehe. Ova."

Redio ilinguruma tupu. Baadaye alirudi Mwalimu Nathanieli. "Amekusikia, binti. Ametoka nje. Ova."

Wegesa alinyoosha mkono haraka aongeze nguvu. Mwalimu Euphrasia akamshika.

"Acha. Sauti imefika."

"Mbona hajibu?"

"Amplifaya inapelekaga sauti mbali, mwanangu, lakini haiwezi kumfanya mtu akuamini tena. Ukweli ungeusema siku ile, humu ndani, hata kwa kunong'ona ungetosha. Sasa umeupeleka mpaka Bunda, na umechelewa. Utasubiri. Na wakati unasubiri, usiongope tena."

Wegesa alizima redio, akachomoa antena. Kisha akaibeba betri mwenyewe hadi kwa fundi. Hakuwahi kujua kwamba ilikuwa nzito kiasi kile.