Shati Kwenye Msumari wa Marehemu

Siku fundi umeme alipozikwa, mdogo wake alitoka makaburini, akaingia chumbani kwa mjane, akavua shati na kulitundika kwenye msumari wa marehemu.

"Shemeji, hilo shati vipi?"

"Ushemeji uliisha jana. Leo mimi ni mumeo. Sheria ya dini yetu unaijua."

Aliijua. Katika imani yao yenye waumini wachache, mjane asiye na mtoto ni wa ndugu wa marehemu, wa baba mmoja, mpaka ndugu huyo atamke mbele ya wazee kwamba amemwachia. Mjane alilitupa shati nje. Kofi lililofuata lilimpasua mdomo.

Mwaka ukapita. Mwoka mikate wa mtaa wa pili akampenda, naye mjane akampenda. Wakaenda ofisi ya ndoa.

"Watu wa dini yenu serikali imewaachia sheria yenu," karani alisema. "Shemeji yako akitamka, nawafungisha leo hii."

"Na huku ananipiga?"

"Kupigwa nenda polisi, dada. Hapa ni ndoa."

Kabla hawajafika kituo cha basi, simu ya mjane ikatoa mlio, ujumbe wa shemeji: "Nimesikia ulikokuwa. Huyo mkandaji unga wako aage kwao."

Kesho yake asubuhi mjane alisikia mayowe kutoka duka la mikate. Akakimbia. Shemeji alikuwa amemkaba mwoka mikate, kiganja cha mwenzake amekibandika kwenye mlango wa tanuri.

"Sema humtaki!"

"Namtaka," mwoka mikate alijibu, meno yameumana. Ngozi ilikuwa inanuka.

Mjane alinyakua koleo la mkaa, akamtandika shemeji mgongoni mpaka mpini ukakatika.

Wazee wa dini wakaitisha kikao. Shemeji alikuja na bandeji, anacheka.

"Simwachii. Atazeeka hivyo hivyo."

Mama mkwe, ambaye tangu mazishi alikuwa hata salamu anaitikia kwa kichwa, akasimama.

"Wazee, huyu hana haki naye. Si damu ya mume wangu. Nilimzaa nje ya ndoa."

Shemeji akaruka kutoka kitini.

"Mama! Umerukwa na akili?"

"Naapa kwa Mungu."

Ngumi ya mwanawe ilimpata mdomoni. Alianguka kati ya viti, akainuka anatema damu na jino.

"Mmenisikia, wazee? Au nirudie?"

Wiki hiyo hiyo karani aliwafungisha ndoa. Bwana harusi alivishwa pete mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa bado umefungwa.

Waliporudi, bibi harusi alimfuata mama mkwe jikoni.

"Mama, baba yake hasa ni nani?"

"Mume wangu. Nani tena?"

"Mama! Uliapa!"

"Mmoja nimemzika. Huyu alikuwa anataka nikuzike na wewe. Ningefanyaje, mwanangu? Geuza mkate, unaungua."

Mwanawe alihama mji na lori lake, na simu za mama hapokei. Wazee nao walimtenga mama kwa uzinzi. Makaburi yao haruhusiwi kukanyaga. Sasa anaishi chumba cha nyuma ya duka la mikate. Wakienda kumzuru fundi umeme, mkwe ndiye anayeingia na ufagio. Mama anasubiri nje ya geti.