Bibi Mwiko Hafungwi

Bibi Mwiko alipikia watoto wa shule tangu ujana wake mpaka mvi zikamjaa kichwani. Jina hilo alipewa na watoto wenyewe, maana mwiko haukumtoka mkononi. Uzeeni alipata ugonjwa wa kusahau. Jina la bintiye humponyoka, lakini saa ya chakula cha watoto haimpiti.

Homa ya mapafu ilimlaza hospitalini. Siku ya pili, wakati wa chakula, alianguka kando ya kitanda, akapasuka juu ya jicho.

Kesho yake bintiye, fundi cherehani, alikuja na chupa ya chai. Alimkuta mama yake amefungwa bendeji kiunoni, na bendeji imefungwa kwenye kitanda. Vyuma vya pembeni vilikuwa vimepandishwa. Mzee wa watu alikuwa akivuta fundo, huku machozi yanamtoka.

Fundi alikasirika. Na kwa nini asikasirike? Hata mbuzi huachiwa kamba ndefu.

"Nani kamfunga mama yangu?"

"Ni mimi, dada," alisema muuguzi wa zamu. "Ni kwa usalama wake. Wagonjwa ni wengi, sisi wachache. Tukigeuka tu, keshashuka."

"Kwa hiyo uchache wenu alipie yeye?"

Muuguzi mkuu aliyasikia akiwa mlangoni. Alikuja akalifungua fundo kwa mkono wake, kisha akamgeukia mwenzake.

"Kumfunga mgonjwa si kumlinda. Atahangaika ajinasue, na ataumia zaidi. Akipanda hivi vyuma, ataanguka kutoka juu zaidi. Na akilala kutwa nzima, miguu inalegea. Nisione tena jambo hili."

Halafu akainama, akatazama chini ya kitanda.

"Viatu vyake viko wapi? Fimbo? Miwani?"

"Kaka yangu alivirudisha nyumbani," alijibu fundi. "Tulisema akikosa viatu, hatainuka."

"Akainuka?"

"Akainuka. Na soksi tu."

"Na soksi, kwenye sakafu hii, tena haoni vizuri. Dada, una haki ya kukasirika, hata mimi nimekasirika. Lakini hapa tumemkosea sote."

Mara toroli la sahani likasikika ukumbini, sahani zikilia kama kengele. Bibi Mwiko akatoa miguu kitandani.

"Niacheni. Watoto wamefika, chakula hakijapakuliwa."

Fundi alishika mdomo. "Ndiyo maana alianguka saa ya chakula!"

"Umeona?" alisema muuguzi mkuu, huku amemshika bibi mkono. "Mtu hainuki bure. Ana haja, ana kiu, anaumwa, au anakwenda kazini kwake. Tumuulize kwanza. Mama, shikamoo. Tupitie chooni, halafu tukapakue."

Tangu siku hiyo kitanda kilishushwa chini, kikasogezwa karibu na meza ya wauguzi. Kaka alirudisha miwani, fimbo na viatu vya kufunga, uso ameuinamisha. Daktari alizipitia dawa zote, akaondoa moja iliyokuwa ikimlewesha bibi. Kila siku bibi alitembezwa ukumbini kwa kushikwa mkono. Na kabla toroli halijafika, mtu wa nyumbani au muuguzi alimpeleka chooni, kisha akamketisha kwenye kiti, akampa vijiko avifute. Alivifuta mpaka vikang'aa.

Hakuanguka tena. Siku ya kuruhusiwa, alikuwa kitini na vijiko vyake. Muuguzi wa zamu akaja mbio na sinia, mbele yake maji yamemwagika.

"Wewe, polepole," Bibi Mwiko alimwambia. "Hapo pamelowa. Ukianguka wewe, nani atawapakulia watoto?"

Muuguzi alisimama. Yeye ndiye aliyelifunga lile fundo. Aliweka sinia mezani, akachukua kitambaa, akapiga magoti mbele ya bibi na kuanza kupangusa.