Tarehe Kwenye Disketi

Kila Ijumaa baada ya shule, Qabale Dabaso alikuwa na kazi ambayo hakuna mwenzake wa darasa la sita aliyekuwa nayo. Alitunza kompyuta.

Alianza kwa kuondoa leso iliyoifunika. Akapangusa skrini kwa kitambaa kikavu, kisha akasugua matundu ya nyuma kwa brashi ndogo ya kupakia rangi. Vumbi la Garsen halibishi hodi, na lisipotolewa mapema mashine hupata joto kali. Rafiki yake Kabibi, binti wa jirani, alizoea kusimama mlangoni na kumcheka.

"Hiyo kompyuta yenu inaogeshwa kuliko mtoto mchanga!"

"Cheka tu," Qabale alijibu. "Siku moja utaniomba nikufundishe."

Kompyuta ilikuwa kuukuu kweli. Ilikuwa imetumika miaka minane katika ofisi moja ya Malindi kabla Baba hajainunua mwaka 1998. Herufi ya D haikukubali mpaka ibonyezwe mara mbili, jambo lililomuudhi Baba kwa sababu jina lake ni Dabaso. Umeme ulitoka kwenye jenereta ya Bwana Charo, baba yake Kabibi, mwenye kinu cha kusaga mahindi. Saa kumi na moja jioni Bwana Charo alipofunga kinu, kompyuta nayo ililala.

Baba alikuwa mhudumu wa mifugo. Alizunguka maboma ya wafugaji akichanja ng'ombe dhidi ya homa ya mapafu. Huko alikokwenda aliandika kwa penseli kwenye vipande vya maboksi ya dawa: jina la mwenye boma, idadi ya ng'ombe, na siku waliyochanjwa. Zamani aliandika kwenye madaftari, lakini mchwa waliyala yote stoo. Sasa Qabale alichapa habari hizo kwenye kompyuta, na Mama akawashia moto vile vipande vya maboksi.

Aliyemfundisha Qabale kazi hiyo ni Rosina, fundi wa kompyuta kutoka Malindi. Siku alipoileta mashine na printa yake, aliwapa pia disketi mbili, vibamba vya plastiki vya kuhifadhia nakala, moja nyekundu na moja ya buluu.

"Mashine hii ni mzee," Rosina alisema. "Mzee anaweza kuondoka wakati wowote. Kila Ijumaa nakili orodha yote kwenye disketi. Wiki hii nyekundu, wiki ijayo ya buluu. Andika tarehe kwenye lebo kwa penseli, na disketi moja iwe nyumba nyingine. Mwenye akili hafungi ng'ombe wake wote zizi moja wakati wa ugonjwa."

Qabale aliifuata kanuni hiyo mwaka mzima. Disketi ya buluu ilikaa kwa akina Kabibi ndani ya kopo la chai. Kila Ijumaa Baba alitazama lebo, akasoma tarehe, akatabasamu. Sokoni aliwaambia watu, "Kazi yangu yote anaishika binti yangu," na Qabale akisikia alitembea kama anayekanyaga hewa.

Kisha shule ikamchagua kwenye timu ya netiboli. Mazoezi yalikuwa kila Ijumaa saa kumi, saa ileile ya kunakili. Ijumaa ya kwanza alirudi na kukuta jenereta imezimwa. "Nitanakili kesho," alijiambia. Lakini Baba angetazama lebo jioni hiyo. Qabale alifuta tarehe ya zamani kwenye disketi nyekundu, akaandika ya siku hiyo.

Baba alisoma, akatabasamu.

Kesho yake Qabale alisahau. Ijumaa ya pili alifanya vivyo hivyo kwa disketi ya buluu, na safari hii hakusita hata kidogo.

Jumanne iliyofuata aliwasha kompyuta. Badala ya kuamka, ilitoa sauti ya kukwaruza kama panya ndani ya debe. Skrini ikabaki nyeusi, na juu yake mstari mmoja wa maneno meupe. Alizima, akawasha tena. Sauti ikawa ileile.

Baba alimpelekea Rosina habari, na Alhamisi akafika na mkoba wake wa bisibisi. Alifungua kasha, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Mzee Dabaso, diski ya ndani imekufa. Sehemu nyingine zote ni nzima. Angalieni humu ndani, hakuna vumbi hata la kuandikia jina! Mtoto huyu ameitunza. Nimekuja na diski nyingine iliyotumika, nitaifunga sasa hivi. Lakini yaliyoandikwa kwenye ile ya zamani hayarudi."

Baba hakushtuka. Alikuwa ameshaichukua disketi ya buluu kwa akina Kabibi, akacheka kwa fahari. "Hayo hayanisumbui. Daktari Nuh wa mifugo anakuja Jumatatu na dozi mia sita za chanjo. Anataka kujua maboma gani tumeshachanja, ili dozi ziende kwa ambao hawajapata. Orodha tunayo. Hebu soma tarehe hii, Rosina. Ijumaa iliyopita tu!"

Qabale aliitazama lebo. Aliwaza haraka. Kwa wiki hizo mbili alikuwa amechapa maboma tisa. Akinyamaza, orodha itasomeka vizuri tu, ila yale tisa yataonekana hayajachanjwa. Yatapewa dozi mara ya pili, na maboma mengine yatakosa. Hakuna atakayejua sababu. Ila yeye.

"Baba," alisema. Sauti ilitoka nyembamba. "Tarehe hiyo si ya kweli."

"Una maana gani?"

"Sikunakili. Nilikuwa mazoezini, nikaandika tarehe tu. Ijumaa mbili. Na ile nyekundu pia."

Rosina aliinamia bisibisi yake. Baba aliigeuzageuza disketi mkononi. Qabale alitamani apigiwe kelele.

"Nimewasomea watu tarehe hii," Baba alisema hatimaye. "Nimejivunia." Akampa disketi na penseli. "Andika tarehe ya kweli."

Qabale aliandika huku machozi yakidondoka kwenye lebo.

"Maboma mangapi yamepotea?"

"Tisa, Baba. Mengine nayakumbuka kichwani. Naweza kuyachapa sasa."

"Kukumbuka nusu si orodha. Jumamosi na Jumapili nitakwenda kuuliza upya."

Jumamosi ilikuwa siku ya mechi ya netiboli, huko Tarasaa. Qabale alikwenda kwa mwalimu wa michezo asubuhi ya Ijumaa akamweleza ukweli wote. Kisha akamwambia Baba, "Tutakwenda pamoja. Mimi ndiye niliyepoteza."

Walitembea siku mbili, Baba akisukuma baiskeli kwenye mchanga. Katika kila boma Qabale alisalimu, kisha akasema mwenyewe, bila kumwachia Baba: "Nimekuja kuuliza tena idadi ya ng'ombe wenu. Niliipoteza kwa uzembe wangu. Naomba radhi." Mara ya kwanza maneno yalimkwama. Kufikia boma la tano yalitoka wazi.

Boma la mwisho lilikuwa la Mzee Guracha. Alimkazia Qabale macho.

"Kwa hiyo ng'ombe wangu wamefia ndani ya mashine?"

"Hapana, babu. Wao wazima. Aliyelala ni mimi."

Mzee aliangua kicheko. "Basi andika." Akaanza kuwataja mmoja mmoja, si kwa idadi bali kwa rangi na majina: mwekundu mwenye paji jeupe, mweusi aliyevunjika pembe, yule mama wa mapacha. Penseli ya Qabale ilikimbia. Walipofika sitini na tatu mzee alinyamaza, akamwita mjukuu wake Ikran, msichana wa rika la Qabale.

"Wataje ng'ombe wetu."

Ikran aliwataja wote, bila kukosea hata ndama.

"Umesikia?" Guracha alisema. "Kila ng'ombe wanapoingia zizini, mimi huwataja na yeye hunirudishia. Siridhiki kwa sababu ameniambia anajua. Nataka nimsikie. Nikiondoka leo, ng'ombe hawapotei."

Qabale alirudi nyumbani na maneno hayo. Jumapili jioni Bwana Charo aliposikia habari, alikubali kuiacha jenereta ikiwaka saa moja zaidi. Qabale alichapa yote tisa, akanakili kwenye disketi zote mbili. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: alizifungua disketi moja baada ya nyingine, akasoma kila jina kuanzia la kwanza hadi la mwisho.

Jumatatu Daktari Nuh alifika na maboksi yake ya barafu. Printa ilikereza na kutoa karatasi ndefu yenye maboma arobaini na moja. Daktari aliisoma akiwa amesimama.

"Nimezunguka sehemu nyingi mwezi huu," alisema. "Hii ndiyo orodha ya kwanza ninayoweza kuifuata bila kuuliza swali. Nani anaitunza?"

Baba alimgeukia Qabale, akasubiri.

"Ni mimi, Daktari," Qabale alisema. "Lakini maboma tisa niliyapoteza, ikabidi tuyarudie kwa miguu."

Daktari aliinua macho kutoka kwenye karatasi. "Nani aligundua kosa?"

"Nilisema mwenyewe."

"Basi orodha hii naiamini zaidi," alisema Daktari Nuh, akaikunja na kuitia mfukoni. Siku hiyo na iliyofuata, dozi mia sita zilikwenda kwenye maboma ambayo hayakuwa yamepata chanjo, na hakuna hata moja iliyotumika mahali pasipostahili.

Gari la Daktari lilipoondoka, Baba alimwekea Qabale mkono begani.

"Mwanangu, mashine ni chuma. Hufa, na diski nyingine hununuliwa. Neno la mtu halina duka linalouza jipya. Likivunjika hutengenezwa kwa miguu, mlango kwa mlango, kama ulivyofanya. Ile tarehe nilijivunia bure. Leo najivunia kwa haki."

Qabale aliinua kichwa, akaingia ndani kuchapa majina ya maboma mapya, akiibonyeza herufi ya D mara mbili kila ilipohitajika.