Kufuli Lilikuwa Nje

Ilikuwa Jumatano, tarehe kumi na nne Julai, mwaka elfu mbili na nne, saa saba na dakika ishirini mchana. Wako wanaoshikilia kwamba ilikuwa Ijumaa jioni. Lakini matangazo ya vifo yalisomwa saa saba kamili, siku hiyo yalichukua robo saa, na ulipigwa wimbo mmoja tu kabla Belinda hajakisogelea kipaza sauti ili aseme, "Wasikilizaji wetu wapendwa." Maneno hayakutoka. Mdomo ulifunguka, ulimi ukasogea, na wote waliokuwa wamefungulia redio wakasikia pumzi tupu, kisha mlio mdogo wa chuma kikigonga chuma.

Huko Issuna, pumzi hiyo ilitoka katika redio ya betri iliyokuwa mapajani mwa mjane aitwaye Magdalena, mama yake Marko. Jirani aliyeingia kuazima kinu alimkuta ameinamisha sikio, kama mtu anayengoja aitwe. Alikuwa amekwisha kufa.

Kituo hicho cha redio kilikuwa Mandewa, vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha kukamua alizeti. Kituo na kiwanda vilikuwa mali ya Nathanaeli Ntandu. Kiwanda alikinunua ushirika ulipokiuza. Redio aliifungua baada ya watu binafsi kuruhusiwa kutangaza. Marko alikuwa kibarua wake wa zamu ya usiku. Mwezi Aprili ghala la mashudu liliungua, na Marko akaungulia ndani. Makaburini, mbele ya mama mtu, Nathanaeli alisema kijana huyo alikuwa mlevi na kwamba moto aliuwasha mwenyewe kwa sigara.

Julai hiyo, Nathanaeli alipokuwa safarini Dar es Salaam, Magdalena alikuja kituoni na Belinda akamrekodi. Mama huyo hakulia. Alisema, "Mwanangu hakuonja pombe hata siku moja. Aliyemwajiri aliwafungia vibarua ndani usiku, akiogopa wataiba mafuta. Marko alifika mlangoni. Alama za mikono yake ziko kwenye mbao. Kufuli lilikuwa nje."

"Jumatano, baada ya vifo," Belinda alimwahidi. "Utajisikia mwenyewe, mama."

Nathanaeli alirudi Jumanne. Alisikiliza mpaka neno kufuli, akavua miwani yake.

"Mashine imejaa," alisema. "Futa hiyo takataka."

"Bosi, nimemwahidi yule mama."

"Nani anakulipa, mimi au yule mama?"

Belinda alikuwa akimsomesha mdogo wake kwa mshahara huo. Alifuta kwa mkono wake mwenyewe.

Kesho yake ndipo sauti yake ilipokatika. Daktari alimulika koo, akasema halina kidonda. Siku iliyofuata, kompyuta ya kituo nayo ikakataa kupokea hata tangazo la duka: ikaandika kwamba hakuna nafasi.

Fundi wake alikuwa Innocent, kijana wa Itigi. Diski aliigawa vyumba viwili: kikubwa cha muziki, na kidogo cha mfumo wenyewe wa Linux, ambacho kikijaa mashine nzima hupooza. Hicho kidogo ndicho kilichokuwa kimejaa. Innocent alifuta kumbukumbu za zamani ambazo mfumo hujiandikia, akaondoa mafurushi ya programu yaliyobaki baada ya kusakinishwa, akatupa picha ambazo mtu alizihifadhi bila ruhusa. Jioni robo ya chumba ilikuwa wazi. Asubuhi kilikuwa kimejaa tena.

"Mashine hii inakula kama fisi," alisema, akijaribu kumchekesha Belinda, ambaye bado alikuja kazini na kukaa kimya mbele ya kipaza sauti chake.

Belinda hakucheka. Alimwonyesha pua yake. Innocent akanusa: alizeti iliyoungua, ingawa kiwanda hakikuwa kimewashwa tangu juzi.

Alifuta tena, na chumba kikajaa tena. Alipojumlisha mafaili yote yaliyoonekana, hayakufika hata nusu ya chumba. Lakini mfumo uliapa kwamba hapakuwa na nafasi ya kuingiza hata herufi moja. Kulikuwa na kitu mle ndani kisicho na jina. Ndipo alipoiuliza mashine ni mafaili gani yaliyofutwa ambayo bado yameshikwa na programu iliyo wazi, nayo ikamtolea mstari mmoja.

"Dada Belinda," alisema kwa sauti ya chini, "ulipofuta, uliifunga programu ya kurekodia?"

Belinda alitikisa kichwa. Hakuwa ameifunga.

"Basi ulifuta jina tu. Faili lenyewe bado limeshikwa. Na halikuacha kurekodi. Limeendelea kunenepa tangu siku ile."

Alitafuta njia ya kulifikia kupitia programu iliyolishika, akaweka spika chini kabisa, na wote wawili wakainama. Walimsikia Magdalena mwanzo hadi mwisho. Baada yake ungepaswa kufuata ukimya wa chumba kitupu, na kweli ukimya ulikuwapo, lakini ndani yake kulikuwa na mtu anayekohoa, mbali kwanza, kisha karibu, kama anayetambaa katika moshi kuelekea mahali alipokumbuka kuwa pana mlango, na kila alipokohoa harufu ya alizeti iliyoungua ilizidi chumbani hadi machozi yakawatoka, kisha ikaanza mikono kupiga mbao, na nyuma ya mbao kile chuma kikigonga chuma, kikiruka na kurudi, kikiruka na kurudi, na sauti ya kijana ikasema taratibu, bila kulalamika, kama mwana anavyoomba nyumbani kwao, "Mama, nifungulie."

Nathanaeli alikuwa amesimama mlangoni. Haikujulikana alisimama hapo tangu lini.

"Wewe si ulijisifu Linux haipati virusi?" alimwambia Innocent. "Leo imepata mashetani?"

"Bosi, niruhusu nilihamishie kwanza chumba cha muziki. Nikiifunga programu hii, au mashine ikizimwa, nafasi itarudi. Lakini sauti ya yule mama itapotea, haitapatikana popote."

"Zima."

"Bosi, marehemu huyo..."

"Nimesema zima!"

Innocent hakusogea. Belinda alijitupa juu ya waya wa umeme wa mashine, akaushika kwa mikono miwili. Nathanaeli alimsukuma ukutani, akauchomoa mwenyewe. Kioo kikawa cheusi, na harufu ikakatika papo hapo.

Walipoiwasha tena, zaidi ya nusu ya chumba kidogo ilikuwa wazi. Nathanaeli alicheka sana.

"Mnaona? Jini lenu linatolewa kwa swichi."

Belinda akasema, "Bosi, moshi unakutoka mdomoni."

Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu Jumatano, na aliyatamka wazi, kama asomavyo habari.

Siku ile mchana Nathanaeli aliletewa kuku na ugali wa uwele. Alimega tonge moja, akalirudisha. "Nimeshiba," alisema. Usiku alisema hivyohivyo, na kesho yake vilevile. Hospitali walimpiga picha, wakasema tumbo ni tupu kabisa. Mwenyewe alilia kwamba limejaa hadi kooni, kwamba maji hayana pa kupita, kwamba humo ndani mna mtu anayekohoa. Wiki ya pili mashavu yalikuwa yamemwingia ndani kama ya mzee wa miaka tisini. Mkewe Eliza alimshika mkono, akamleta kituoni.

"Nipunguzieni," Nathanaeli alimwomba Innocent. "Wewe ulijua kufuta."

"Mimi nilifuta vya mashine, mzee. Hicho chako hakifutiki. Kitoe."

Belinda alimsogezea kipaza sauti. Matangazo ya vifo yalikuwa ndiyo kwanza yamekwisha, na Singida nzima ilikuwa ikisikiliza. Nathanaeli alifunua mdomo kusema yeye ni nani, na iliyotoka ni sauti ya Magdalena, tulivu, isiyolia, neno kwa neno: pombe, mafuta, mikono kwenye mbao. Alijaribu kuuziba mdomo kwa viganja. Sauti ikapita katikati ya vidole. Huko Issuna watu walisimama njiani. Ilipofika "Kufuli lilikuwa nje," ilinyamaza, na mwili wake ukalegea kama gunia lililomwagwa.

"Uji," alinong'ona kwa sauti yake mwenyewe.

Eliza alimlisha kijiko kimoja, kikapita. Nathanaeli alitabasamu. Akafunua mdomo kwa kijiko cha pili, na waliokuwamo wote wakasikia mlio mdogo wa chuma kikijifunga. Meno yakakutana. Hayakuachana tena. Polisi walipokuja kumwuliza kuhusu ghala, hakuweza kukana wala kukiri.

Yamesemwa mengi tangu hapo. Inasemwa mganga wa Issuna alimfunga: hakuna mganga aliyeitwa. Inasemwa alikufa mwaka uleule: si kweli, yu hai, hunyweshwa uji kwa mrija katika pengo la jino, na vibarua wakipita dirishani pake, yeye hupiga mbao kutoka ndani. Na wako wanaosema kufuli lile lipo ndani ya koo lake. Hao nao wamekosea. Belinda alikuwa amekaa hatua moja mbele yake, na mlio aliusikia vizuri. Kufuli lilikuwa nje.